Rafiki yangu kanunua ‘PS’ akiwa na miaka 33, aanze na gemu gani?

Ujumbe uliingia WhatsApp saa tatu usiku kutoka Hirbadaw: “Mdogo wangu, nimepata mashine, nimepewa na pedi mbili. Sasa nicheze nini?” Mimi naandika habari za afya, na pedi ninazoziandika ni zile za wasichana shuleni. Ilibidi nipige simu.

Kumbe dada huyu, ambaye amenizidi miaka mitano na tulikua majirani, amenunua PS4 iliyotumika. Ana duka dogo la pembejeo na dawa za mifugo, ana binti wa miaka mitatu na kijana wa miaka 10. Baba yao aliondoka mwaka jana na sasa anaishi mjini na familia nyingine. Tangu hapo kijana akitoka shule haendi nyumbani, anapitia kwenye kibanda cha gemu mpaka giza linaingia, na chenji ya dukani ikaanza kupungua mia tatu, mia tatu. Dada alimchapa. Akamfungia ndani. Akamwita mjomba aje kuzungumza naye. Mtoto akazidi kuwa kimya.

“Sitaki unifundishe kumzuia,” aliniambia. “Nifundishe kucheza naye.”

Wateja wake wanamcheka. Mimi nimeshika pedi tangu nikiwa bwenini chuoni, na nimeona watu wazima wengi wakianza na gemu isiyowafaa na kuacha ndani ya wiki moja. Kwa hiyo nilimpa ushauri kwa uzito uleule ambao ningempa mtu anayeniuliza kuhusu dawa.

Kwanza, anunue CD. Gemu moja ya kupakua inaweza kula zaidi ya gigabaiti 50, na hilo ni bando la kumfilisi mtu. CD zilizotumika zinapatikana Arusha, unampa kondakta wa basi anazileta. Pili, stebilaiza, maana umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu unaua mashine, na hata ukikatika tu mnaweza kupoteza hatua mliyofika. Taa za sola za kawaida haziwezi kuibeba PS4 pamoja na runinga, asijaribu.

Sasa gemu zenyewe. Mpira hauepukiki, kwa sababu ndiyo lugha ya kibandani. Hakuna haja ya toleo jipya. FIFA 23 ndiyo ya mwisho kubeba jina hilo, kisha mwaka 2023 gemu ikaanza kuitwa EA Sports FC, lakini hata FIFA ya miaka kadhaa nyuma inatosha kabisa. Siri iko kwenye kupanga timu. Mkianza kucheza mama dhidi ya mtoto, utafungwa tisa bila, naye atachoka kukufunga kabla wewe hujachoka kufungwa. Wekeni pedi zote mbili upande mmoja, mcheze timu moja dhidi ya mashine, kiwango kile cha chini kabisa. Hapo mtoto anageuka kuwa kocha wako. Kwenye FIFA kuna hata mpangilio wa vitufe viwili tu, kimoja pasi na kingine shuti. Mwalimu gani hapendi mwanafunzi wa namna hiyo?

Lakini gemu niliyompigia debe zaidi ni za LEGO, mfano LEGO Marvel Super Heroes ya mwaka 2013 au LEGO City Undercover. Mnacheza wawili kwenye runinga moja, mkitafuta vitu, mkivunja na kujenga. Ukifa unapoteza vijisarafu kidogo, kisha unaibuka palepale na kuendelea. Kwa mtu ambaye bado anaangalia vidole vyake kutafuta kitufe, hiyo ni huruma kubwa. Zaidi ya hapo, mmoja anaweza kutoka na kurudi wakati wowote. Mteja akibisha hodi usiku akitafuta dawa ya kupe, mama anaweka pedi chini na mtoto anaendelea.

Ipo nyingine inaitwa It Takes Two, ya mwaka 2021, nzuri mno na haichezeki bila watu wawili. Sikumpa. Hadithi yake ni ya mume na mke wanaotaka kuachana, na machozi ya binti yao yanawageuza kuwa wanasesere walazimike kushirikiana. Kwa nyumba nyingine ningesema inunueni leo. Kwa mtoto huyu, mwaka huu, hapana. Tena ina alama ya miaka 12.

Alama hizo ziko pembeni mwa kasha kwa mfumo wa Ulaya: 3, 7, 12, 16 na 18. Za LEGO nilizotaja ni 7. GTA, ambayo watoto wa vibandani wanaijua kama jina la shule yao, ni 18, na huo si utani wa watengenezaji. Nikamwonya pia kuhusu paketi za wachezaji zinazouzwa ndani ya gemu ya mpira ukiwa kwenye intaneti. Unalipa bila kujua utapata nani. Ubelgiji ilisema mwaka 2018 kuwa ni kamari, na mwaka uliofuata kampuni ikaacha kuziuza nchini humo. Mashine isiyo na intaneti haina tatizo hilo.

Aliniuliza kama kijana ana “ule ugonjwa wa gemu”. Shirika la Afya Duniani linautambua kweli, lakini linazungumzia mtu aliyeshindwa kujizuia, anayetanguliza gemu mbele ya kila kitu na kuendelea hata inapomharibia maisha, kwa kawaida kwa miezi 12. Mtoto anayekwepa kurudi kwenye nyumba iliyopoa si lazima awe mgonjwa. Ninayemhofia zaidi ni yule binti wa miaka mitatu, maana kwa umri wake shirika hilo linashauri asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku. Na kama kuna mwenye kifafa katika familia, aulizwe daktari kwanza, kwa sababu mwanga wa kuwakawaka huamsha degedege kwa baadhi yao.

Kijana bado anakwenda kibandani Jumamosi, kwa ruhusa. Siku nyingine wanacheza saa moja baada ya chakula, mtoto akishalala. Juzi walikuwa kwenye LEGO wakitafuta namna ya kufungua mlango, kijana akauliza, macho yakiwa kwenye runinga, kama baba atakuja Krismasi. Ni mara ya kwanza kumtaja tangu aondoke. Dada akamwambia ukweli, kwamba hajui. Kijana akasema sawa, kisha akamwonyesha kitufe cha kubonyeza, na wakaendelea mpaka umeme ulipokatika.