Kompyuta ya Taaluma Ilivyogoma

Wiki ya nne ya mazoezi ya kufundisha, kompyuta ya ofisi ya taaluma iligoma kuwaka. Kwa ambao hamjaenda BTP, niwaambie tu: shule niliyopangiwa, huko mkoani Singida, ilikuwa na kompyuta moja ya maana, ya mezani, CPU yake nzito kama tofali la saruji. Humo ndimo zilimokaa alama zote za maendeleo za kidato cha nne. Nakala nyingine haikuwepo. Na tusichekane, wangapi humu hosteli tuna nakala ya risachi zetu?

Ukiiwasha, feni inazunguka, halafu mlio mrefu. Inanyamaza. Mlio tena. Kioo cheusi tii.

Kufika chai ya saa nne kesi ilikuwa imeshaamuliwa. Kijana mmoja wa kidato cha tatu, anayetumwa ofisini kubeba madaftari, alikutwa jana yake amechomeka flashi kwenye ile mashine. Alisema alikuwa anachukua maswali ya fizikia ya miaka ya nyuma. Nani amsikilize? Ametia virusi, kompyuta imekufa. Viboko vinne mstarini, na barua ya kumwita mzazi aje alipe fundi. Mama yake anauza mchicha sokoni, na fundi wa mjini alikuwa ametaja elfu themanini kwa simu, bila hata kuiona mashine.

Mimi nilikuwepo pale mstarini, nimesimama na walimu wenzangu, nimenyamaza. Mwalimu wa BTP ni mgeni, na mgeni mwenyewe anasubiri kujaziwa fomu. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Usiku nikampigia mwenzangu wa chumbani, yule anayewatengenezea watu laptopu ghorofa nzima.

"Shosti, inalia kabla kioo hakijaonyesha chochote?"

"Ndiyo."

"Basi angalia RAM. Mashine ikiwashwa inajikagua kwanza. Isipoiona RAM inalia, maana kioo hakijawaka, itasemaje sasa? Hapo diski bado haijasomwa kabisa."

Usingizi ukaruka. Virusi vya flashi vinakaa kwenye diski. Kama mashine inakwama kabla ya kufika kwenye diski, yule mtoto kachapwa kwa lipi?

Asubuhi nikamfuata mwalimu wa taaluma. "Shikamoo, mwalimu. Naomba niiangalie kabla hatujamwita fundi."

"Marahaba. Madam, si unafundisha Kiswahili wewe?"

"Kiswahili na Historia, mwalimu. Ila naomba nijaribu."

Akanipa bisibisi, akavuta kiti akae anilinde.

Nilichomoa waya ukutani, nikabonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, nikashika bati la kasha kwanza ili umeme wa mwilini usiunguze kitu. Nikafungua. Jamani, vumbi! Feni ilikuwa imeota manyoya. RAM zilikuwa mbili, GB 1 kila moja, na zile meno zake za rangi ya dhahabu zimefubaa. Nikazisugua taratibu kwa kifutio cha penseli, nikapangusa chengachenga kwa kitambaa kikavu. Nikarudisha moja, nikawasha. Mlio uleule. Mwalimu akakohoa. Nikazima, nikachomoa waya, nikaitoa, nikaweka ya pili palepale, nikaikandamiza mpaka vibanio vya pembeni vikasema ta!

Mlio mmoja mfupi. Kioo kikawaka.

Kikaandika tarehe 1 Januari 2007. Mwalimu wa taaluma akasimama, akidhani miaka yote imefutika na alama zake. Nikamwelewesha kuwa kuna kabetri ka duara, CR2032, kanakotunza saa mashine ikiwa haina umeme, na kenyewe kameisha tu. Nikaweka tarehe sahihi, Windows ikapanda kwa mwendo wa kobe. Mafaili yote yapo.

Nikasema tutoe nakala sasa hivi. Akafungua droo kutafuta flashi, ya kwanza kuishika ikawa ile aliyonyang'anywa kijana. Akaichomeka. Ndani kulikuwa na folda ya maswali ya fizikia na nyimbo kama sita za Bongo Fleva. Akaitazama muda mrefu.

"Mwalimu," nikasema, "ule mlio unatoka kabla diski haijasomwa. Yule kijana hakuhusika."

"Tutaliangalia, madam."

Barua ya mzazi ilirudishwa. Mstarini hakuna aliyesema lolote, wala mimi sikusema, na fomu yangu nilijaziwa vizuri sana.

Flashi nilipewa mimi nimrudishie mwenyewe. Nilimkuta nyuma ya maabara, nikamweleza yote, pamoja na kwamba siku ile nilikuwa nimesimama pale. Akatikisa kichwa tu. Kisha akauliza, "Madam, ile RAM iliyokufa mtaitupa?"

"Unaitaka ya nini?"

"Niione ilivyo."

Nikaenda kumwombea.