Timu Isiyo na Watazamaji

Mchezo wa magongo si mgeni katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1971 Kenya ilishika nafasi ya nne katika mashindano ya kwanza ya Kombe la Dunia, yaliyofanyika Barcelona. Huo ulikuwa mchezo wa nyasini. Lakini huko Kanada na kaskazini ya Marekani, mtu atajapo magongo aghalabu humaanisha mchezo wa barafuni, ambao wachezaji wake huvaa viatu vyenye makali ya chuma, wakifukuza kisahani cha mpira mgumu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, waliunda chama chao cha mchezo huo mwaka 1877.

Katika mji wa Ann Arbor, Chuo Kikuu cha Michigan kina timu kuu ambayo ilitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 9 kati ya mwaka 1948 na 1998. Vijana wake hutafutwa mapema, hufunzwa na walimu wanaolipwa, na siku ya mchezo maelfu ya watu huja kuwashangilia.

Chuo hicho hicho kina desturi nyingine isiyosifiwa sana, nayo ni michezo ya wanafunzi kwa wanafunzi, isiyotoka nje ya kuta za chuo. Idara ya kuisimamia iliundwa mwaka 1913. Mwaka 1919 alikabidhiwa Elmer Mitchell, na mwaka 1928 likafunguliwa jengo kubwa kwa ajili yake. Shabaha ilikuwa kwamba mwanafunzi acheze yeye mwenyewe, asiishie kukaa na kuwapigia makofi wachache waliojaliwa.

Basi bahati ya timu ya namna hiyo haipimwi kwa vikombe. Huundwa na wakazi wa bweni moja, au wanafunzi wa fani moja, au marafiki tu waliochangiana ada. Ndani yake yumo aliyeteleza tangu utotoni, na yumo ambaye hajui kusimama ila kwa kujibamiza kwenye mbao za kando. Wote wawili huingia uwanjani.

Adui wao wa kwanza ni saa. Barafu hugharimu fedha nyingi kuitunza, na saa nzuri za jioni hupewa timu kuu na wale wanaolipia. Wa mwisho kugawiwa ni hawa, saa nne au saa tano za usiku, na kesho yake asubuhi kuna darasa. Adui wa pili ni hesabu ya watu. Wachezaji sita huwa uwanjani kwa wakati mmoja, lakini mchezo huu huchosha kiasi kwamba mtu hupumzishwa baada ya dakika moja au hata kabla ya hapo. Timu iliyoleta watu kumi na watano hubadilishana kwa raha. Iliyoleta saba, kwa kuwa mitihani imekaribia, huanza vizuri na kumaliza ikitambaa. Mara nyingi mshindi hujulikana kwa kuangalia benchi tu, kabla kisahani hakijaguswa.

Na mlinda lango je? Huyo ni lulu. Vifaa vyake ni ghali kupita vya wenzake wote, na wanaokubali kupigwa na kisahani kwa hiari yao si wengi. Nahodha humbembeleza kama mposaji, na asipompata, humvika mavazi hayo mwenzao yeyote asiyeweza kukataa. Magoli kumi yakiingia hakuna wa kumlaumu.

Wako wasemao kwamba saa hizo za usiku ni hasara, na heri taa zizimwe. Hesabu yao ina kasoro. Timu kuu hunufaisha vijana wasiofika thelathini kwa mwaka, nao wangecheza mahali popote. Yule anayejibamiza kwenye mbao hana pengine pa kwenda. Taa zikizimwa, atabaki kuwa mtazamaji.

Mwezi wa Mei nusu ya timu huhitimu na kutawanyika. Waliobaki hugawana deni la ada, kisha mwezi wa Septemba hubandika tangazo penye mlango wa bweni: anatakiwa mlinda lango, ujuzi si lazima.