Mchoro Ulipoingia Ndani ya Faili

Nilipoanza kazi ya kuandika programu Dar es Salaam, mwaka 2008, mchambuzi wa mifumo alikuwa na mchoro wake na mimi nilikuwa na faili langu, na vitu hivyo viwili havikujuana. Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa maombi ya mikopo kwa taasisi moja ya fedha. Mchambuzi alichora kwa Visio: ombi linapokelewa kaunta, afisa mikopo anakagua dhamana, meneja anaidhinisha au anarudisha, fedha zinatoka. Mchoro ukanifikia kwenye flashi. Nikaambiwa niuingize kwenye Eclipse, mazingira ya kuundia programu tuliyokuwa tukiyatumia wengi kwa kuwa ni ya bure, ili ugeuke kitu kinachofanya kazi.

Hapakuwa na cha kuingiza. Alama alizotumia mchambuzi zilikuwa za BPMN, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2004. Zilikuwa kanuni za kuchora tu: duara la kuanzia, kisanduku cha kazi, umbo la almasi mahali pa uamuzi, mishale. Namna ya kuuhifadhi mchoro huo ili programu ya mtu mwingine iusome haikuelezwa popote ndani ya kanuni hizo, basi kila mtengenezaji akahifadhi anavyojua mwenyewe. Upande wa pili kulikuwa na BPEL, lugha ya kutekelezea michakato iliyotolewa mwaka 2002 na IBM, Microsoft na BEA, kisha shirika la viwango la OASIS wakaipitisha toleo lake la 2.0 kuwa kiwango rasmi mwaka 2007. Hiyo ilikuwa faili kamili la XML, injini, yaani programu ya kuendesha michakato, inalisoma na kulitekeleza hatua kwa hatua. Ila haikuwa na alama hata moja ya kuchorea.

Wajanja walijenga madaraja. Kulikuwa na XPDL ya muungano wa WfMC, iliyobeba michoro kutoka programu moja hadi nyingine, na kulikuwa na programu zilizodai kutafsiri BPMN kuwa BPEL kwa kubonyeza kitufe kimoja. Kitufe kilikuwepo kweli. Tatizo ni kwamba mshale wa BPMN huenda popote, hata kurudi nyuma, wakati BPEL hupanga kazi kwa vifungu vilivyomo ndani ya vifungu, na mshale wa kurudi nyuma haina. Meneja akirudisha ombi, mchoro unaonyesha mstari mmoja unaorudi kushoto. Ndani ya BPEL mstari huo unageuka mzunguko wa kurudia unaomeza nusu ya mchakato mzima. Tena BPEL ilijua kuongea na huduma za mtandao tu; kumsubiri binadamu aamue ilikuwa nje ya uwezo wake, hadi IBM na SAP wakatoa pendekezo la BPEL4People mwaka 2005, na hata hilo kila injini ililitekeleza kwa namna yake.

Siku ya kuthibitisha mchakato aliitwa mama mmoja, afisa mikopo wa siku nyingi. Akavaa miwani, akatazama skrini. Alichokiona ni visanduku ndani ya visanduku, vinashuka kutoka juu hadi chini, na majina yaliyogandishwa pamoja kwa sababu BPEL hairuhusu nafasi ndani ya jina: KaguaDhamana, RudishaOmbi.

“Mwanangu, kazi yangu mimi iko wapi hapa?”

Nikamwonyesha.

“Na pale meneja anaponirudishia?”

Nikamwonyesha ule mzunguko. Akaguna, akaomba ile karatasi ya Visio, akaisaini hiyo. Kwa hiyo taasisi ilikuwa na mchakato uliosainiwa ambao kompyuta haiujui, na mchakato unaotekelezwa ambao hakuna afisa aliyewahi kuusoma. Tuliuendesha hivyo kwa miaka, na sidhani kama tulikuwa peke yetu.

Mabadiliko yalikuja Januari 2011, shirika la viwango la OMG walipotoa BPMN 2.0. Waraka wenyewe una kurasa zaidi ya 500 na sehemu kubwa yake sijawahi kuihitaji. Kilichobadilisha kazi yetu ni uamuzi wa faili. Ukilifungua faili la BPMN 2.0 kwa kihariri cha kawaida cha maandishi utakuta sehemu mbili. Ya kwanza ni mchakato wenyewe: kazi, maamuzi, kipi kinafuata kipi, na jina linaandikwa kama watu wanavyosema, “Kagua dhamana”. Ya pili haina mantiki yoyote ya kazi. Ni vipimo tu: kisanduku hiki kiko wapi kutoka kushoto, wapi kutoka juu, upana 100, kimo 80, mshale huu unapinda kwenye nukta hii na ile. Kwenye mafaili mengi sehemu hiyo ya vipimo inakaribia nusu ya maandishi yote.

Wenzangu waliidharau. Injini haiihitaji, ukiifuta yote, mchakato unaendelea kutekelezwa bila tatizo. Lakini jaribu kuliingiza faili la namna hiyo kwenye programu ya kuchorea. Wakati ule tulikuwa tumehamia Activiti, injini iliyoanzishwa mwaka 2010 na Tom Baeyens na Joram Barrez wakiwa katika kampuni ya Alfresco; injini hiyo ilikuwa na programu-jalizi yake ya Eclipse. Kuingiza faili kukawa jambo la kulinakili kwenye folda ya mradi na kulifungua, basi. Faili lisilo na vipimo lilifunguka skrini nyeupe tupu, na aliyelileta akaapa kwamba lilikuwa zima alipolituma. Alikuwa sahihi.

Kulikuwa na mtego mwingine mdogo uliotupotezea muda. Injini ilitambua mchakato kwa mwisho wa jina la faili: .bpmn au .bpmn20.xml. Faili likiitwa mikopo.xml lilipokelewa kwenye seva kimya kimya, bila kulalamika, na mchakato haukuonekana popote.

Mfumo wa mikopo tuliuandika upya kwa Activiti. Safari hii mchoro wa mchambuzi uliingia kwenye Eclipse na visanduku vyake mahali pale pale alipoviweka. Tukauonyesha kwa maafisa. Kijana mmoja wa mikopo akasogea, akaweka kidole kwenye skrini: “Kaka, huu mshale umekosea. Dhamana ikikataliwa ombi halirudi kaunta, linarudi kwangu.” Tukaitafuta ile karatasi ya zamani yenye saini. Kosa lilikuwemo tangu mwanzo. Tangu siku hiyo sijafuta vipimo kwenye faili la mtu yeyote, na nikimwona kijana wa ofisini anavifuta ili faili liwe fupi, tunagombana.

Sisemi kwamba mambo yamenyooka. BPMN inawaruhusu watengenezaji kuongeza vitu vyao ndani ya faili, na vitu hivyo ndivyo vinavyofanya mchakato utekelezwe: nani apewe kazi, fomu ipi ifunguke, msimbo upi uitwe. Tukiandika activiti:assignee, programu ya mchambuzi haikuielewa. Anahamisha kisanduku kimoja, anahifadhi, ananirudishia, na nilichokiongeza mimi hakimo. Kisha Activiti yenyewe ikazaa nyingine: Camunda ikajitenga mwaka 2013, Flowable mwaka 2016, kila moja na viongezo vyake. Camunda 8, iliyotoka mwaka 2022, haitekelezi faili la Camunda 7 mpaka libadilishwe kwanza. Mchoro ule ule, alama zile zile, na bado kuna kazi ya mikono.

Siku hizi Eclipse siifungui kwa kazi hii. Mradi wa bpmn.io, ulioanza mwaka 2014, uliufanya mchoro ufunguke ndani ya kivinjari, na ndani ya Visual Studio Code kuna kiendelezi kinachofanya vivyo hivyo. Afisa mikopo anaweza kuuona akiwa kwenye meza yake bila kusakinisha chochote.

Kama ofisi yako inanunua mfumo wenye michakato ndani yake, usikubali kukabidhiwa picha za mchakato kwenye PDF. Dai faili la .bpmn lenyewe, lifungue kwa programu ambayo si ya muuzaji, ukiwa na watu wanaofanya kazi hiyo kila siku. Likifunguka tupu, au wakishindwa kuiona kazi yao, usisaini.