Siku 41 za Nyangarata

Oktoba 2015 ardhi iliporomoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyangarata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Wachimbaji sita wakabaki chini. Novemba, baada ya siku 41, watano walitolewa hai. Wa sita alifia humo. Walikuwa wakila mende, vyura na mizizi, na kukinga maji yaliyodondoka kwenye mwamba. Waliingia shimoni Kikwete akiwa Rais. Walipotoka, uchaguzi ulishapita na Magufuli, mwana wa Chato, alikuwa Ikulu.

Ninamlilia yule wa sita, Mungu amrehemu. Ninalilia pia kitu kisichowekewa matanga, nacho ni masimulizi yao. Magazeti yalitupa tarehe, idadi na vyakula vile vya ajabu, kisha yakahamia habari nyingine. Walizungumza nini gizani? Nani alinyamaza wa kwanza? Mwenzao alipokata roho walimsitiri vipi? Duara lile, yaani shimo lao, lilikuwa la nani, na magogo ya kuzuia kuta yalikaguliwa lini? Maswali kama haya hayajibiwi kwa aya nne. Yanahitaji mtu aketi na mnusurika siku nyingi, amsikilize hadi anayoyaogopa nayo yatoke.

Mwaka 1955, huko Kolombia, baharia Luis Alejandro Velasco alinusurika baada ya siku 10 baharini, juu ya chelezo, bila chakula. Alishashangiliwa, alishapigwa picha, habari yake ikaonekana imechacha. Hata hivyo gazeti la El Espectador lilimkalisha na ripota wake kijana, Gabriel García Márquez, na masimulizi yakatoka kwa sehemu 14. Humo ndimo ukweli ulimochomoza: meli ya kivita aliyoanguka kutoka ndani yake ilikuwa imebeba shehena ya magendo juu ya sitaha, na dhoruba iliyosingiziwa haikuwapo. Watawala walikasirika. Habari fupi isingewakasirisha, kwa sababu isingefika huko.

Nathari ya Kihispania ilianza mapema kumpa mnyonge nafasi ya kusema kwa kirefu. Lazarillo de Tormes, kitabu cha mwaka 1554 kisichojulikana mwandishi wake, kinamwacha mtoto wa kimaskini asimulie mwenyewe njaa yake na mabwana aliowatumikia. Karne nne baadaye, García Márquez yuleyule wa gazetini aliandika Cien años de soledad, riwaya iliyotoka 1967. Ndani yake aliweka mauaji ya wafanyakazi wa mashamba ya ndizi waliogoma Ciénaga mwaka 1928, na idadi ya waliouawa haijawahi kukubaliwa na wote. Katika riwaya, mtu aliyeyaona mauaji anarudi mjini kusimulia, na hakuna anayemwamini.

Nikisoma sehemu hiyo huwa nafikiria machimbo ya dhahabu ya Bulyanhulu. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa pale kwa nguvu, na madai yakaenea kwamba wapo waliofukiwa mashimoni wakiwa hai. Serikali na kampuni ya madini zilikana, na ubishi umeendelea miaka na miaka, karibu wote ukiwa juu ya idadi. Lakini hata anayeamini hakufa mtu lazima akiri kwamba siku zile makazi mazima yalivunjika: vibanda, mama lishe na wateja wao wa mkopo, ndoa za machimboni, watoto waliozaliwa pale. Bado naisubiri riwaya yao.

Chachage Seithy Chachage angeweza kuiandika. Alikuwa mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeichambua sekta ya madini na kuonyesha jinsi mchimbaji mdogo anavyokosa haki ya ardhi anayoichimba. Alikuwa pia mwandishi wa riwaya. Almasi za Bandia ni yake, na Makuadi wa Soko Huria ya mwaka 2002. Wachache sana wanaweza kusoma leseni ya madini na pia kumpa mhusika sauti yake. Alifariki Julai 2006, na sioni aliyekaa kwenye kiti chake.

Kuchelewa nako ni msiba. Kisiwani Ukerewe, katika Ziwa Victoria linalopakana na Geita, Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapwa kwa Kiswahili 1980. Alifariki 1981, kabla nakala hazijamfikia.

Wahariri wa Mwanza, Shinyanga na Geita, nawaomba. Nyarugusu, Rwamgasa na Kakola wapo watu waliotoka chini ya kifusi, na wapo wajane wa wasiotoka. Mtumeni mwandishi mmoja kijana, mlipieni nauli na malazi ya mwezi mzima, na akirudi msimkate maneno. Mpeni matoleo 14. Mpeni wangali hai wa kumsimulia.