Mafuta ya Nazi kwenye Kitasa

Gereji ya Mjomba ilikuwa Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Haikuwa na kibao wala geti. Palikuwa na mkungu mkubwa, chini yake benchi la mbao lililofungwa jiliwa, na ng'ambo ya uchochoro palikuwa na baraza la fundi cherehani aliyeshona tangu asubuhi hadi adhana ya magharibi. Mimi nilikuwa mtoto wa kike wa shule ya msingi. Nikishatoka madrasa nilikwenda kukaa pale, juu ya tairi, kushika bisibisi na kuulizwa kama nimekula.

Nasema juu ya mwaka 1983. Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha tangu 1979, lakini sukari, sabuni na vipuri vilikuwa havijarudi madukani. Mwaka ule ndio wa msako wa wahujumu uchumi, na hata mwenye spea aliogopa kuionyesha. Kitasa kipya cha mlango wa gari ulikuwa hukipati kwa fedha wala kwa undugu. Kilichoharibika kilitengenezwa, na kilichokwama kilioshwa.

Jumapili ilikuwa na utaratibu wake. Ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi yalikuwa hayaruhusiwi barabarani, serikali ikibana matumizi ya mafuta. Gari lililokuwa gereji saa hiyo lililala hapohapo mpaka Jumatatu. Mafundi wengine walifunga wakaenda zao. Mjomba aliupenda muda huo, kwa sababu mwenye gari hakuwa na pa kukimbilia, na kazi za taratibu zikapata nafasi yake. Vitasa vilikuwa kazi za Jumapili mchana.

Ndivyo alivyotufika mzee mmoja Msambaa, mwenye duka Lushoto, na Datsun 120Y yake. Ilikuwa Julai. Mlango wa dereva alikuwa ameufunga kwa kamba ya mkonge, kuanzia kishikio mpaka kwenye kiti.

"Fundi, mlango huu nikiwa Tanga unafunga. Nikifika Soni unaanza kunigomea, na asubuhi nyumbani ndiyo haukubali kabisa. Naubamiza, unarudi."

"Umeupaka nini, mzee wangu?"

"Mafuta ya nazi. Mazuri, nimeyanunua hapahapa kwenu."

Mjomba hakucheka. Alimwambia mzee akae barazani, akaagiza chai ya rangi, kisha akaniita. "Mama, mafuta ya nazi ya bibi yako yakoje asubuhi siku hizi?"

Nilijua, kila mtoto wa Tanga anajua. Asubuhi za Julai chupa inakuwa nyeupe, mpaka uiweke juani ndipo yamiminike. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Yakiganda kwetu, mji ulio kando ya bahari, sembuse Lushoto, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, ambako Julai watu hulala na mablanketi mawili.

Alianza kwa kunionyesha kinachotendeka. Ukingoni mwa mlango kuna ulimi wa chuma unaozunguka, wenye mdomo kama ndoano. Kwenye nguzo ya gari kuna pini. Mlango ukifungwa, pini inausukuma ulimi, ulimi unazunguka na kuikumbatia, halafu kipande kingine kidogo kinachosukumwa na springi kinaingia kwenye pengo na kuuzuia ulimi usirudi. Ukivuta kishikio, fimbo nyembamba ndani ya mlango inakiondoa kile kipande, na ulimi unaachia. Springi yenyewe ni dhaifu, haijatengenezwa ipigane na utomvu. Kwenye kitasa cha mzee, nazi ilikuwa imechanganyika na udongo mwekundu wa barabara za Usambara, ikawa kitu cha kukwangua kwa ukucha. Kipande kile kilikuwa hakirudi mahali pake, ndiyo maana mlango ulipigwa ukarudi.

Hapo Mjomba hakushika mafuta. Alishika bisibisi. Alitoa mkono wa kuzungushia kioo, ambao klipu yake ndogo hujificha nyuma na hupenda kuruka, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuukinga kwa kitambaa. Akatoa ubao wa ndani ya mlango, akaibandua nailoni ya kuzuia maji polepole ili aje airudishe nzima. Skrubu za kitasa zilikuwa zimeshika kutu, maana hewa ya chumvi ya Tanga haichagui gari la mgeni. Alisimamisha bisibisi juu ya kila skrubu, akaigonga kwa nyundo kwanza ndipo azungushe. Aliyezungusha bila kugonga, alisema, ameharibu kichwa cha skrubu na siku yake yote.

Kitasa kilizamishwa kwenye kopo la maziwa lenye mafuta ya taa kidogo, kidogo kwa sababu nayo yalikuwa ya foleni. Brashi ya dukani hatukuwa nayo. Alikuwa amefunga nyuzi za mkonge kwa waya na kuzikata ncha, na ilisugua vizuri kuliko brashi nyingi nilizonunua baadaye. Nakumbuka rangi zilizotoka: kwanza maji mekundu ya udongo, mwisho weusi wa grisi ya kiwandani iliyokaa humo tangu gari lilipotengenezwa Japani. Alirudia mpaka ulimi ukawa unazunguka kwa kidole kimoja na kurudi wenyewe. Halafu akakianika juani, maana mafuta ya taa yakibaki ndani huyayeyusha mafuta mapya na kuyaondoa.

Nilivuka uchochoro kuazima mafuta ya cherehani. Tone moja kwenye kila mahali panapozungukia, akikichezesha chuma ili tone liingie. Kwenye uso wa ulimi, panaposugua pini, alipaka grisi ya beringi kiasi cha kung'arisha tu, akafuta iliyozidi. Hapa ndipo wengi hukosea mpaka leo. Siku hizi nipo Dar es Salaam, naona mtu anakipulizia kitasa kwa kopo la WD-40 na kuishia hapohapo. Kopo lile lilibuniwa San Diego mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma. Kwa kulegeza kilichokwama na kuosha uchafu, zuri sana. Lakini sehemu kubwa yake huruka hewani, na linaondoka pamoja na grisi iliyokuwapo. Baada yake lazima grisi mpya ipakwe.

Kwenye tundu la ufunguo Mjomba hakutia mafuta kabisa. Aliomba penseli yangu ya shule, akakwangua ncha yake, akaupaka ufunguo ule unga mweusi, akauingiza na kuutoa. Unga hautegi vumbi. Mwisho alizibua kwa waya matundu ya chini ya mlango, ambako maji ya mvua hutokea, kwa sababu mlango unaohifadhi maji hula kitasa kutoka ndani.

Kabla hajaufunga mlango, aliusukuma ulimi kwa bisibisi, mlango ukiwa bado wazi. Ta, na tena ta. Milio ni miwili: wa kwanza ni wa tahadhari, unaozuia mlango usifunguke njiani kama haukubanwa vizuri, wa pili ndio wa kufunga kabisa. Akavuta kishikio cha nje, ulimi ukaachia. Akarudia, akavuta cha ndani. Ukijaribu mlango ukiwa umefungwa na kitasa kikagoma, utakuwa umejifungia kazi yako ndani ya bati.

Mzee alilala kwetu, akaondoka Jumatatu alfajiri bila kamba. Kabla ya mwezi kwisha alirudi na kikapu cha karoti na kabichi kwa ajili ya bibi, na nyuma yake yamefuatana magari mawili ya majirani zake wa Lushoto, yote yana nazi kwenye vitasa.