Walinisimamisha Nusu ya Njia

Mimi ni askari wa FARDC, jeshi la Kongo (DRC), binti wa askari, mzaliwa wa Camp Vangu hapa Lubumbashi. Tangu Rais Tshisekedi awaite vijana waingie jeshini, Novemba 2022, vita vya waasi wa M23 vikiwa vimepamba moto Kivu Kaskazini, wasichana wengi wananijia na swali moja: watapunguziwa masharti? Zamani ningewaambia waombe wapunguziwe. Leo siwezi, na sababu ni yaliyonipata.

Siku ya majaribio tulikimbia pamoja na wavulana, vumbi jekundu likituingia puani. Nilikuwa katikati ya kundi, pumzi bado ninayo, ajida mmoja alipotukinga njia kwa fimbo: "Bamama, inatosha. Muikale ku kivuli." Wavulana wakaendelea. Sisi tukakaa chini ya mwembe, tukaletewa maji, na jioni majina yetu yakasomwa pamoja na ya waliomaliza. Nyumbani tulikula bukari (ugali) na kuku, nikamshukuru Mungu.

Fadhila ile niliilipia kwa miaka. Nilijifunza Lingala, lugha ya amri kambini, nikajifunza silaha, lakini kila ilipotajwa doria ya usiku kulikuwa na mtu aliyekumbusha kwamba PMF huyu, yaani mwanajeshi wa kike, alikimbia nusu. Nikawekwa ofisini kupokea wageni. Jibu sikuwa nalo, kwa kuwa hakuna aliyejua kama ningefika mwisho, hata mimi mwenyewe. Walininyima kufaulu, wakaninyima na kushindwa.

Kisha nikapelekwa kwenye mafunzo mengine, na mkufunzi alikuwa mwanamke. Alitubebesha wote mzigo mmoja, begi la mchanga. Msichana wa Lubumbashi aliyekua akibeba bidoni ya lita 20 kichwani haogopi uzito, ila mgongoni mambo ni tofauti: mikanda inakata mabega, kiuno kinayumba. Nilibaki nyuma. Yule mama hakuniondolea hata kiganja cha mchanga. Alinifunga mkanda wa kiunoni mpaka uzito ukakalia nyonga, akanifundisha kwenda kwa hatua fupi za haraka, nisijaribu kufuata hatua za wanaume warefu. Nilimaliza. Nyuma yangu walikuwapo wanaume, na hakuna aliyewaambia wakae kivulini. Tangu hapo doria nilipangiwa kama wengine.

Sisemi kila kipimo kiwe kimoja. Jeshi la Kenya limekuwa likidai mwanamume awe na angalau kilo 54.55 na mwanamke 50, na sioni ubaya, maana hapo inaangaliwa afya ya mwili. Lakini kazi yenyewe haichagui. Majeruhi anayeburutwa kutoka kwenye risasi hapungui uzito kwa sababu anayemburuta ni mama. Katika miaka ya 1960, chini ya Rais Mobutu, wasichana wa Kongo walifunzwa kuruka kwa parachuti, na ardhi waliyoiangukia ilikuwa ileile ya wanaume. Marekani nayo, kwa kipimo kilichoanza Juni 2025, imeweka alama moja za chini kwa wanawake na wanaume katika kazi za mapigano za jeshi lake la nchi kavu.

Sheria yetu iko wazi. Kifungu cha 189 cha Katiba ya 2006 kinataka askari na makamanda wapatikane kwa uwezo wa mwili, elimu ya kutosha, mwenendo mwema na uwakilishi wa haki wa majimbo. Simu ya mjomba mwenye cheo haimo. Swali la nani atabaki na watoto, ambalo mwanamume haulizwi, halimo. Wala hakuna mahali palipoandikwa kwamba msichana aitwe ofisini peke yake jioni ndipo jina lake litokee. Masharti haya yasiyoandikwa yamewarudisha nyumbani wasichana wengi kuliko mbio zilivyowarudisha, na nayasema kwa uchungu, kwa sababu baadhi yao nimewafunza mwenyewe.

Ninachodai ni karatasi ibandikwe ukutani kwenye komini za hapa Lubumbashi, kama Katuba, Ruashi na Kenya (mtaa wetu, si nchi), miezi kadhaa kabla ya majaribio: kilomita ngapi, dakika ngapi, kilo ngapi. Wavulana wetu wanacheza mpira tangu utotoni, basi na msichana apate muda wa kujifua. Siku ikifika, saa isomwe hadharani na matokeo yatangazwe palepale. Atakayeshindwa ajaribu tena mwaka unaofuata, awe mvulana au msichana.