Herufi tatu, ya mwisho T

Wikendi nilikuwa nyumbani Litein, kule kwetu kwenye majani chai. Tangu mzee apate kiharusi mwaka jana, kila Jumamosi hujaza chemshabongo ya gazeti ili kunoa kumbukumbu. Safari hii alikwama: "Ndege alibadili jina, wao wamebaki na lao." Herufi tatu, ya kwanza K, ya mwisho T.

Nikafungua kompyuta. Nina faili la maneno ya Kiswahili, nikatafuta k.t (hiyo nukta ni herufi yoyote). Majibu: sifuri! Maneno yetu huishia kwa irabu, bwana. Basi ama ni kifupisho, ama mzee amekosea neno la wima. Nikamshuku mzee. Niliogopa kumwambia.

"Kwa Kipsigis, kot ni nyumba," akasema. "Lakini ndege ana kiota."

Nikaruka kitini. Ndege ni Twitter, iliyopewa jina la X Julai 2023. Wao ni KOT, kifupisho cha Kiingereza cha Wakenya wa Twitter, wale waliovuma na #SomeoneTellCNN mwaka 2012 na tena 2015. Ndege kaondoka, KOT bado wanaitwa KOT.

Mzee hajawahi kuwa na akaunti huko, lakini neno lilitoka kinywani mwake, si kwenye faili langu. Nikamweleza maana. Akacheka, akaandika O kwa mkono wa kushoto, polepole. Neno la wima lilikuwa sawa.

Faili nimeshalirekebisha.